Kibandiko cha Nyuma ya Sikio

Kama ungebisha hodi kwa Pyo Sang-gu pale mjini Cheongju, Ijumaa moja asubuhi mwishoni mwa Novemba, ungesema hawa watu wamependelewa. Nje baridi inakata masikio, ndani sakafu ina joto kama godoro lililotoka kulaliwa. Mkewe Mi-ran anapakua wali na supu ya mwani. Binti yao Da-on, miaka minne na nusu, amepanda kigoda mbele ya sinki la bafuni, anapiga mswaki pamoja na baba yake, na kila mmoja anajitahidi kumrushia mwenzake povu halafu anajifanya hajui.

"Baba," akasema Da-on, "hiyo stika nyuma ya sikio kakupa nani?"

Sang-gu akapeleka mkono sikioni haraka. Kilikuwa kibandiko kidogo cha dawa, cha mviringo, kile ambacho watu hubandika wakienda kupanda meli ili wasitapike. Alisahau kukibandua jana yake. Akachungulia jikoni. Mi-ran hajasikia.

"Bosi kanipa," akanong'ona. "Jana baba alikuwa mtoto mzuri."

Chekechea, mtoto akimaliza mboga zake au akipanga viatu vizuri, mwalimu humpa stika ya sifa, naye anaibandika kwenye picha ya kichala cha zabibu, tunda moja baada ya jingine mpaka kichala kijae. Kwa hiyo neno hili lilimwingia Da-on sawasawa.

"Kumbe hata watu wazima wanapewa?"

"Wakiwa wazuri sana."

"Na mimi nikiwa mzuri sana?"

"Utapata mpaka uchoke."

Sang-gu akakibandua. Karatasi ya maelezo ilisema kikishabanduliwa kikunjwe, kitupwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Lakini ilisema pia kwamba kimoja kinafanya kazi siku tatu, na yeye alikitumia siku moja tu. Akaona ni hasara kukitupa. Akakibandika pembeni mwa kioo, chini kabisa, Mi-ran asije akakiona, akaenda kunywa supu yake.

Mzazi mwenzangu unayesoma, wewe umeshaona kosa liko wapi. Yeye hakuliona. Kichwa chake chote kilikuwa kwenye Alhamisi.

Habari ya Alhamisi ni hii. Sang-gu alikuwa naibu msimamizi kwenye kampuni ya mabomba ya kupashia sakafu joto. Bosi wake, Meneja Tak, zamani kila Alhamisi jioni alikuwa akiibeba idara nzima kwenda kula nyama na kunywa pombe mpaka watu wanasinzia kwenye sahani. Mwezi wa nane daktari akamwambia ini lake linaomba likizo. Meneja akaacha pombe kabisa, na Alhamisi zikahamia kwenye ukumbi wa kompyuta unaouza na tambi, kwenye gemu la vita. Wake wa wafanyakazi walishangilia. Mi-ran alisema, "Afadhali mrudi mnanuka tambi za pilipili kuliko mnanuka pombe."

Hakuna aliyewauliza wafanyakazi wenyewe. Pombe ilikuwa lazima, gemu nalo likawa lazima.

Sasa, gemu lile unaliona kwa macho ya askari. Askari akikimbia, skrini nzima inaruka. Akigeuka, nyumba na miti vinageuka. Macho ya Sang-gu yanaambiwa tunakimbia, tumbo linasema mbona tumekaa kitini. Basi ugomvi huo unaanzia kichwani na kuishia kooni. Dakika kumi, jasho la baridi. Dakika ishirini, yuko chooni ameshikilia ukuta.

Hyo-rim, dada wa mauzo aliyekaa kiti cha jirani, alimgundua mapema.

"Naibu Pyo, mbona umekuwa kijani kama kabichi?"

"Mwanga wa skrini huu."

"Mwanga gani unatapisha? Usinifiche, mimi mwenyewe ilikuwa inanipata. Fungua mipangilio. Hapa zima huku kutikisika kwa picha. Hapa panua upeo, uone na pembeni. Sogeza kiti nyuma. Kila robo saa simama, tazama mbali nje ya dirisha. Na tumbo likianza tu, acha. Usishindane nalo, utashindwa."

Sang-gu akafungua mipangilio. Kabla hajagusa kitu, sauti ya Meneja Tak ikaja kutoka mwisho wa mstari:

"Naibu Pyo! Tunapigwa risasi, wewe unasoma menyu! Unatafuta kitufe cha kukimbilia kwa mama?" Watu wakacheka. "Ndiyo taabu ya kwenda vitani na mtu aliyemalizia jeshi ofisini anagonga mihuri!"

Hapo alimgusa kwenye kidonda. Kwao kila kijana wa kiume lazima atumikie jeshi, na wenzake wote walipiga magoti matopeni mpakani. Yeye, kwa sababu ya nyayo bapa, alipangiwa ofisi ya wilaya, miaka miwili ya mihuri na fomu. Utani huo ameusikia tangu ana miaka ishirini na mbili, na kila akiusikia anarudi kuwa na miaka ishirini na mbili. Akafunga mipangilio bila kuzima chochote.

"Niko tayari, Meneja!"

Kesho yake akanunua vibandiko. Vilisaidia kiasi. Mdomo ulikauka kama ameramba unga, herufi za karibu zikawa hazisomeki, na siku moja alimwita mkwe wake kwa jina la mteja. Mi-ran akamuuliza, "Baba Da-on, una nini siku hizi?" Akajibu, "Uchovu tu." Hakumwambia, kwa sababu alijua angesema, basi usiende. Na yeye alishaambiwa na Meneja, mbele za watu: "Desemba tunashindana na tawi la Daejeon, uko kikosini. Na mwaka ukiisha tunapanga vyeo, Naibu Pyo. Nakuangalia." Mtu wa miaka thelathini na nane, anajifundisha gemu kwa siri nyumbani kama anayevuta sigara chooni.

Tuirudie Ijumaa ile. Jioni, Da-on alimaliza mchicha wake wote, mpaka maji ya mchicha akanywa. Akainua bakuli tupu watu waone. Mama alikuwa anafungasha glavu na ndoo, maana kesho anakwenda kwa mama yake kutia viungo kabichi za msimu wa baridi. Baba alikuwa kwenye simu. Mtoto akasubiri kidogo. Alipoona hakuna anayemtazama, akaenda bafuni, akapanda kigoda chake, akajipa sifa mwenyewe, nyuma ya sikio, kama baba.

Jumamosi Mi-ran akatoka mapema. "Baba Da-on, mpe wali, mchane nywele. Saa nane nitakuwa nimerudi."

"Nenda tu. Sisi wawili tunaelewana."

Sang-gu alikwenda bafuni kutafuta kibandiko chake, hakukiona. Akasema kitakuwa kimeanguka kwenye bomba la maji, akafungua kingine kipya. Hapo tena mlango wa kuokoka ulikuwa wazi, akapita nje yake. Nywele za mtoto hakuzichana. Akavaa hedifoni, akaingia vitani.

Da-on alikuja kuomba maji. Akampa. Akaja tena kuomba maji. Akampa bila kugeuka. Mara ya tatu alimvuta shati.

"Baba, wadudu."

"Ngoja kidogo mwanangu, baba anakufa hapa."

"Baba, wako ukutani. Wako wengi."

"Waambie baba anakuja."

Alikuja baada ya dakika arobaini. Si kwamba alimkumbuka mtoto, ni kwamba tumbo lilimshinda. Alitoka mbio kuelekea chooni, akamkuta Da-on amekaa sebuleni, uso mwekundu kama ameota moto, anaokota vitu hewani kwa vidole viwili na kuvipanga sakafuni. Hapakuwa na kitu.

"Da-on?"

"Mwalimu, nimemaliza," akasema mtoto, anamtazama baba yake usoni. Mboni za macho zilikuwa kubwa, nyeusi tupu. Alipojaribu kusimama, miguu ilikataa.

Sang-gu akasahau kutapika. Akapiga 119, namba ya gari la wagonjwa.

Mi-ran aliwakuta hospitali, mikono bado myekundu kwa pilipili ya kabichi, akiirudisha nyuma asimguse mtoto nayo. Daktari, mama mmoja mwenye miwani shingoni, aliuliza kwa haraka lakini bila kupaza sauti.

"Amekula nini?"

"Wali," akasema Sang-gu. "Wali na yai."

"Ameanguka? Alikuwa na homa jana?"

"Jana alikuwa mzima," akasema Mi-ran. "Mchicha wote alimaliza."

"Kuna dawa yoyote nyumbani? Ya babu, ya bibi, ya mtu yeyote?"

"Hata ya kichwa hatuna," Mi-ran akajibu.

Sang-gu akakifunika kwa kiganja kile kipya cha nyuma ya sikio lake. Alijiambia vibandiko si dawa ya kumeza. Alijiambia viko juu kabatini, ndani ya soksi, mtoto hafiki. Na ni kweli, vile vya ndani ya soksi hakuvifikia.

Daktari akasema huenda ni maambukizi ya ubongo. Watachukua maji kidogo uti wa mgongo, kwa sindano, wayapime. Wazazi wasubiri nje ya pazia. Manesi wawili wakamlaza Da-on ubavu, wakamkunja kama kamba wa baharini, naye akaanza kupiga kelele kwamba wadudu wamemshika mgongo.

"Mama wa mtoto, njoo umshike mikono," nesi mmoja akaita.

"Nina pilipili!" Mi-ran akalia. "Nina pilipili mikononi, siwezi kumshika! Baba Da-on, mshike wewe!"

Sang-gu akaingia ndani ya pazia. Akamshika mwanawe mikono. Daktari alikuwa anasema na nesi, kama mtu anayewaza kwa sauti: "Mbona macho haya kama ya mtu aliyewekewa dawa?"

Jamani, kusema neno moja kunachukua sekunde ngapi? Yeye ilimchukua muda wa nesi kufungua pakiti ya sindano, kupaka dawa mgongoni, na kumpa daktari sindano. Mkewe yuko hatua mbili kutoka pale. Miezi minne ya uongo iko kooni, juu ya ile nyongo nyingine.

"Msimchome," akasema. "Mimi hubandika vibandiko vya meli. Nyuma ya sikio. Natapika kwenye gemu. Kimoja nimekikosa leo asubuhi. Nilimwambia ni stika ya mtoto mzuri."

Daktari akamsogeza nesi kando. Aliinua nywele za Da-on upande wa kushoto, ambazo zilikuwa hazijachanwa. Kilikuwepo.

Wakakibandua, wakaosha ngozi kwa maji mengi. Da-on alilala hospitali siku mbili, amefungwa nyaya kifuani, mama yake amekaa upande mmoja, baba upande wa pili. Siku ya kwanza Mi-ran hakusema na mumewe. Siku ya pili mboni zilipoanza kurudi, mtoto akauliza, "Mama, wadudu wamekwenda wapi?" Ndipo Mi-ran akamgeukia.

"Baba Da-on. Ungeniambia tu unaumwa, ningekucheka siku moja. Mbili hivi. Halafu ningekwenda mwenyewe kwa Meneja kumwambia."

"Ndicho nilichokuwa naogopa."

"Basi umepata kilichokuwa kikubwa zaidi ya hicho."

Alhamisi, idara ilipokuwa inavaa makoti, Sang-gu alibaki kwenye meza yake.

"Naibu Pyo, twende! Daejeon hawatajipiga wenyewe."

"Mimi siendi, Meneja. Gemu lile linanitapisha, tangu mwezi wa nane. Nilikuwa najibandika dawa nisiaibike, mwanangu akaiokota, karibu achomwe uti wa mgongo."

Meneja Tak alitaka kucheka, akaona hakuna anayemsaidia.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilifungua mipangilio nitafute nafuu. Ukanitania kwa mihuri."

Meneja akasema anayetaka aje, asiyetaka aende kwake, na kwamba yeye hakujua. Pengine kweli hakujua. Lakini mwaka ulipoisha na vyeo kupangwa, jina la Pyo Sang-gu halikuwemo, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Mi-ran, mpaka leo, kila jioni anamkagua mtoto nyuma ya masikio yote mawili, mumewe akiwa amekaa pale pale anatazama.

Funzo

Ndugu zangu, kichefuchefu si uoga, na wala hakipimi uanaume wa mtu. Ni macho na mwili vimekosa kuelewana. Ukikaa mbele ya gemu ukahisi jasho la baridi, simama, fungua dirisha, tazama mbali, na urudi siku nyingine ukiwa umepunguza mitikisiko ya picha. Likikukataa kabisa, liache. Hakuna cheo kilichoandikwa humo ndani.

Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya safari usiifanye ya mazoea, usiihifadhi ikishatumika, na usimtanie mtoto kuhusu dawa hata mara moja, kwa sababu mtoto atakuamini.

Nawe uliye bosi, kabla hujamcheka aliyenyamaza, jiulize kama uliwahi kumwachia nafasi ya kusema.

Zaidi ya yote, aibu yako ibebe mwenyewe mapema ikiwa bado ndogo. Sang-gu aliificha ya kwake mahali ambapo mkewe hangeiona, na aliyeifikia alikuwa mtoto aliyepanda kigoda.