Msomaji wa Pili

Jumamosi ile umeme ulikatika saa tano za asubuhi, na matangazo ya parokia yalikuwa bado tumboni mwa mashine.

Eliane alisimama ndani ya kibanda cha fotokopi pale mtaani Mulongwe, amebanwa kati ya wanafunzi na mama mmoja mwenye karatasi za kiwanja. Alivaa kikwembe, kitenge cha kijani chenye njiwa weupe, kile cha jubilei, na kitambaa cha kichwa alikifunga kwa nguvu kama mtu anayekwenda kushtaki. Alikuwa sekretari wa parokia mwaka wa sita sasa, na tangu aanze, hakuna Jumapili ambayo matangazo yalikosa kubandikwa mlangoni pa kanisa, hata mwaka ule ziwa lilipopanda mpaka barabarani.

"Tungoje umeme," alisema mwenye kibanda.

"Mpaka lini? Mule iko majina ya wachumba. Kesho watu wayasome wapi?"

"Dada, parokia yenu haina site ya mtandao?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Alikuwa kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi, viatu vimejaa tope, na mkoba wa kompyuta ameukumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Iko. Fungua uone."

Akafungua katika simu, akakunja uso. "Krismasi njema? Ya mwaka gani?"

"Ya miaka mitatu. Mwenye aliitengeneza alihama. Ukitaka kubadilisha neno moja unamuomba, naye hajibu."

"Basi minye njo muntu unatafuta."

"Minye sitafute muntu. Natafuta umeme."

Kibanda kizima kikacheka. Kijana naye akacheka, na hilo lilimtuliza Eliane kidogo, kwa maana mwanaume anayekubali kuchekwa mbele ya watu bado ana dawa.

Jina lake Evariste, mkaaji wa Songo. Kwa miaka miwili alikuwa akijenga kitu alichokiita Andika Mwenyewe. Unagusa neno kwenye ukurasa wa tovuti yako, linafunguka, unaandika lako, unabonyeza butoni moja, na dunia inaona. Alikitengeneza kwa ajili ya watu wanaojua kazi zao na hawajui mashine: wenye shule, wenye nyumba za wageni, vyama vya wakulima. Baada ya wiki tano angekizindua mbele yao, na alihitaji tovuti moja inayotumika kweli, wasije wakamwambia ni maneno matupu. Padri Achille, paroko, alikubali kujaribu.

Kuanzia hapo akawa anakuja ofisini Jumanne na Ijumaa. Siku ya kwanza Eliane aligusa neno Krismasi, akakiondoa kidole upesi.

"Nikibonyeza, vitu vyote vitaanguka?"

"Vikianguka nitavidaka."

"Utavidaka na mikono gani? Hiyo laini ya bureau, ya kugusa mashine tu?"

Alibonyeza. Krismasi ikaondoka. Eliane akaziba mdomo kwa kiganja, na macho yake yakalowa, mwenyewe hakujua sababu.

Simu za Evariste zikaanza.

"Allô, sekretari wa roho yangu."

"Roho yako haiandikwi katika registre. Sema shida."

"Shida ni weye, sheri wangu. Tangu asubuhi sijasikia sauti yako."

"Mama yangu anasema mwanaume wa maneno mingi, mufuko wake iko mutupu."

"Mama yako ananijua kumbe!"

Jumapili moja Evariste akampeleka Eliane amsalimie dada yake, Mama Junior, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani. Tangu azae kifungua mimba, miaka kumi na moja nyuma, Songo nzima haikumwita jina lingine. Mama Junior alimpima Eliane juu mpaka chini, akamfungia ndakala kwenye jani, akasema, "Huyu mwembamba, lakini anasimama vizuri." Eliane alirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Jambo moja tu halikumpa amani. Ofisini mwake tangazo la ndoa halitoki mpaka watu wawili wamelisoma na kutia sahihi, aliyeandika na msomaji wa pili. Macho yaliyoandika hayaoni kosa lake mwenyewe. Akamwambia Evariste kwamba chombo chake kinakosa huyo msomaji.

"Sheri, nikiongeza butoni ya pili watu wataogopa. Nguvu yake ni wepesi."

"Mulango mwepesi unafunguliwa hata na upepo."

"Nitafikiri," alisema. Hakufikiri.

Jumanne ya wiki ya uzinduzi, Eliane alifungua tovuti asubuhi kabla ya kufagia ofisi. Chini ya matangazo ya ndoa kulikuwa na mstari ambao hakuuandika yeye. *Tangazo la kwanza: Evariste Kashindi na Nicole Faida, wote wa Songo. Anayejua kizuizi amwone paroko.*

Alisoma mara moja. Kiti kilikuwa nyuma yake, lakini alikaa chini sakafuni. Jumapili aliyoenda kusalimia, ndakala kwenye jani, sheri, sheri: vyote vilipita mbele yake vikiwa na sura nyingine. Kwa hiyo alikuwa wa kufundishwa butoni tu, mpaka siku ya sherehe ifike. Kuufuta mstari ule aliweza. Lakini sekretari hafuti ndoa ya watu kwa sababu ya wivu wake.

Saa nne Evariste akapiga.

"Mpenzi, leo nachelewa, niko natafuta viti vya—"

"Weye uko na kazi nyingi wiki hii. Mungu akubariki wewe na wako."

"Wangu nani? Eliane? Unanisikia? Rezo iko mbaya?"

"Rezo iko muzuri sana."

Akakata. Simu ikalia mara tisa mchana ule. Aliiweka ndani ya droo ya mihuri, na kila ilipotetemeka, mihuri ikagongana kama meno. Evariste alipokuja jioni alikuta ofisi imefungwa. Eliane alikuwa amelala kitandani kwake, rozari mkononi, fumbo moja la sala linamchukua nusu saa.

Jumatano kabla ya jua kuwa kali, mlango ulisukumwa na kapu. Nyuma ya kapu alikuja Mama Junior, jasho linamtoka.

"Sekretari, nimekuja kutangaza kizuizi."

Eliane alisimama. Kwa desturi ya kazi mkono ukachukua registre ya ndoa na kalamu. "Kizuizi cha ndoa gani, mama?"

"Ya Evariste Kashindi na Nicole Faida."

Kalamu ikasimama. "Unamjua huyo Nicole?"

"Namjua sana. Ni minye."

"Weye?"

"Minye! Nilibatizwa Nicole. Muntu ananiita hivyo siku hizi nani, zaidi ya padri na mukubwa wa kodi? Na huyo bwana tulinyonya titi moja. Sasa andika kizuizi: kaka na dada. Andika tena: bwana yangu Félicien iko muzima, na jana ameulizwa sokoni kama ameachwa!"

Eliane alitaka kulia, kikatoka kicheko, kikageuka kilio. Mama Junior akaweka kapu chini.

"Kumbe na weye uliamini? Ee, mutoto wangu!"

Hapo mlango wa ndani ukafunguka. Padri Achille hakucheka.

"Siku mbili parokia yangu inaozesha kaka na dada mbele ya dunia? Huu uzinduzi, Jumamosi hakuna."

Evariste alifika anahema, shati nje ya suruali. Alisimama mlangoni, akatazama nyuso tatu, kisha skrini, akauelewa ule mstari. Akashika kichwa.

"Padri, nilikuwa natayarisha mfano wa kuonyesha watu. Nilibonyeza nione rangi tu. Rezo ikakatika, nikafikiri haikutoka."

"Na Nicole?" Eliane aliuliza, sauti chini.

"Ningeandika jina lako kabla ya kumuona papa yako? Hiyo ni zarau. Nikaandika jina ya dada, ju hakuna muntu anaweza kuamini."

"Muntu aliamini," alisema Mama Junior, akamwonyesha Eliane kwa kidevu.

Evariste akakaa. Miaka miwili ya kazi yake ilikuwa inaondoka kwa mstari mmoja. "Uliniambia mulango mwepesi," alisema. "Sikusikia."

Eliane alishika registre kifuani.

"Padri, wa kwanza wa kulaumu ni minye. Tangazo halina majina ya wazazi. Miaka sita sijawahi kuacha lipite tangazo bila wazazi, na hili sikuliona, ju niliangalia na jicho la uchungu. Tupe mpaka Jumamosi. Aongeze msomaji wa pili. Minye nitasimama mbele ya watu nionyeshe."

"Na ikikosea tena?"

"Utatafuta sekretari mwingine."

Padri alimtazama sana. "Jumamosi," akasema. "Na huo mstari utoke sasa hivi."

Siku mbili zile Evariste alifanya kazi usiku na mchana, akila alichosahau kula jana yake. Ijumaa akapiga: "Iko tayari. Eliane, bado unanikasirikia?"

"Nakasirika kesho jioni. Sasa niache niombe."

Jumamosi salle, ule ukumbi wa parokia, ilijaa: wakuu wa shule, masista, mwenye nyumba ya wageni na miwani yake ya jua, mama mmoja wa chama cha mpunga cha Katogota aliyesema wazi kwamba aliacha shule darasa la nne. Eliane alivaa kikwembe cha njiwa. Alimwita yule mama wa Katogota akagusa neno, akaandika kwa kidole kimoja: *Mpunga mpya umefika.* Alipomaliza, ukurasa ukauliza: *Nani anasoma mara ya pili?* Eliane akasoma kwa sauti, akakubali, akabonyeza Tangaza.

Kiduara cha kungoja kikaanza kuzunguka ukutani, pale ukurasa ulipoangaziwa.

Kikazunguka. Mtu alikohoa. Padri Achille alikunja mikono. Evariste, kando ya dirisha, alikuwa na rangi ya majivu. Eliane alifunga macho: Mama Maria, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya miaka yake miwili. Akasikia mama wa Katogota akipiga vigelegele kabla hajafungua macho.

Watu walipokwisha kujiandikisha na kutoka, walibaki wao wawili kupanga viti. Simu ya Eliane ikalia. *Kuna andiko linakungoja usome.* Akafungua. *Evariste Kashindi, mwana wa marehemu Franck Kashindi na wa Annie Bora, wa Songo, na Eliane Mapendo, binti wa Ezéchiel Mapendo na wa Geneviève Zawadi, wa Luvungi.*

Evariste alishika kiti, hajui mahali pa kukiweka.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Sasa?"

"Wazazi wako wote wameandikwa. Wangu pia."

"Eliane, usinitese."

Akaweka simu ndani ya mkoba. "Minye si musomaji wa pili wa hili andiko. Mwenyewe anakaa Luvungi, analima mupunga, na hapendi wageni wa kuchelewa."

Walikwenda baada ya wiki mbili: Evariste katika suti ya kuazima, mjomba wake na barua ya posa, Mama Junior na kapu. Mzee Ezéchiel aliweka barua kando, akaomba lile andiko la simu alilosikia habari zake. Alisoma kidole chini ya kila neno, kama anavyosoma Injili.

"Hapa iko kosa," alisema.

Evariste akasimama wima.

"Geneviève. Hamukuandika marehemu."

Eliane alichungulia. Alikuwa amelisoma mara ishirini na hakuona. Evariste akainama. "Papa, nisamehe. Eliane anaongea juu ya mama yake kila siku, mama anasema hivi, mama hapendi vile. Nilifikiri iko hapa Luvungi."

"Nipe nisahihishe, papa," alisema Eliane.

Mzee aliivuta simu kwake. Alitazama upande wa jikoni, ambako hapakuwa na mtu.

"Acha," alisema. "Hata minye naongeaka naye."

Akafuta kidole gumba kwenye suruali, akabonyeza Tangaza.