Kisanduku cha Ridhaa

Lifti ya jengo la benki ilikwama asubuhi, ukumbi umefurika watu, na ndani yake alikuwemo mwanamke mmoja tu: afisa mikopo wa ghorofa ya tano, sketi ya kijivu, viatu vyekundu vya visigino virefu. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mlango ulipoachia kidogo, ilitangulia bisibisi, ikafuata sura ya fundi mwenye ovaroli ya bluu.

"Pole, dada. Nipe mkono."

"Nikupe mkono, hata sikufahamu?"

"Basi kaa humo kwanza tufahamiane."

Akacheka na machozi yake usoni. Haukupita muda wakawa wanaitana Fundi na Afisa, kwa sauti ambayo ukiisikia unaona haya wewe.

"Afisa wangu, umekula?" Fundi alimpigia kila mchana.

"Nimekula, ila sijashiba. Sijakuona."

"Maneno matamu hivyo! Ndiyo maana wateja wako wanasaini bila kusoma."

Siku Fundi aliposema anataka kuja nyumbani kujitambulisha, Afisa alimkimbilia shangazi yake aliyemlea. Shangazi hakushangilia. Yeye aliwahi kuolewa na mtanashati, kumbe kaolewa na madeni. Walikuja watu wakabeba hadi kitanda.

"Mwanangu, si una kompyuta inayoona madeni ya watu? Mwangalie."

"Hairuhusiwi, shangazi. Ripoti ya mikopo ya mtu unaiangalia akikuomba mkopo. Au akitaka kupanga nyumba yako, au ukitaka kumwajiri, na lazima aridhie. Vinginevyo ni yake mwenyewe."

"Nani atajua?"

Sheria hiyo Afisa ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wapya. Hata hivyo kesho yake aliandika namba ya kitambulisho cha Fundi. Kompyuta ikamuuliza sababu. Katika sababu zilizokuwepo hapakuwa na mapenzi wala woga, basi akachagua "ombi la mkopo", akatia alama kwenye kisanduku cha ridhaa ya mteja. Ripoti ikafunguka: mkopo mmoja, umechelewa kulipwa. Kwa nini, haikusema.

Na yeye hakuuliza. Hapo ndipo ninapomkasirikia. Angeuliza, ingembidi aseme amejuaje, kwa hiyo akaona afadhali awe baridi.

"Jumapili nije kwenu?" Fundi aliuliza kwenye simu.

"Tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini, mpenzi?"

"Nina kazi, Fundi. Nitakupigia."

Hakupiga. Fundi, maskini, akadhani mwanamke anataka kuona kwanza mahali pa kuishi. Akatafuta nyumba, akaipata yenye dirisha kubwa jikoni, kama Afisa alivyotamani siku zote. Dalali akamwambia alete ripoti yake ya mikopo, naye akaenda kuichukua bila wasiwasi. Deni alilijua. Alimdhamini dada yake kufungua saluni, saluni ikaungua, na sasa analipa yeye kidogo kidogo. Alipanga kulieleza siku ya kujitambulisha, mbele ya shangazi, asije akaonekana mdanganyifu. Asichokijua ni kwamba mwisho wa ripoti huandikwa kila aliyeichungulia.

"Benki hii uliwaomba mkopo?" dalali alimuuliza.

"Sijawahi."

"Mbona wamekuangalia? Lalamika, kaka, hawana haki!"

Akalalamika siku hiyohiyo, kwa hasira. Akili ilimjia njiani akirudi. Tarehe aliyochunguliwa ilikuwa siku moja kabla ya ile "tusubiri kidogo", na katika benki ile alimfahamu mtu mmoja tu.

Mkaguzi wa benki hakusumbuka kutafuta, maana kila afisa huingia kwa namba yake ya siri. Alimwambia Afisa alete karatasi ya ridhaa yenye saini ya mteja, au aache kitambulisho cha kazi mezani.

Afisa alimkuta Fundi juu kabisa ya jengo, kwenye chumba cha mtambo wa lifti. Viatu vyekundu vilikanyaga mafuta.

"Mpenzi, niliogopa."

"Uliogopa deni, au mimi?"

"Shangazi ndiye..."

"Shangazi hana namba ya kuingilia kwenye ile kompyuta."

Afisa akalia, tena kwa dhati. Alimpenda mtu huyu, na alijua alichokifanya.

"Ungeniuliza," Fundi alisema. "Ningekupa simu, pochi, kila kitu. Watu wengine wanahitaji sababu ya kunichungulia. Wewe ulihitaji kuuliza tu."

"Nakuuliza sasa."

"Mkaguzi kanipigia. Sasa unaulizia karatasi tu. Ilete."

Aliitoa mkobani. Ilikuwa imeshajazwa yote, imebaki saini tu. Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli, akasaini.

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nimekuokolea kazi." Aliokota bisibisi yake. "Angalia hapo chini, dada, utateleza."

Dada. Kama siku ile ya kwanza, kabla hawajafahamiana.

Kazi yake anayo hadi leo. Nyumba yenye dirisha kubwa jikoni ilipata mpangaji mwingine. Fundi huja kuihudumia lifti kila mwezi, na lifti haijakwama tena. Afisa haipandi. Kila asubuhi huvua viatu vyake, akavishika mkononi, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tano.