Sauti Iliyotaka Mdomo

Mtu wa kuchorwa hapumui. Usipomtilia pumzi atatembea, atapanda ngazi, atachapwa bakora, na hutasikia hata kwi. Kila sauti ya katuni kuna binadamu aliyekaa akaitengeneza, na kwenye ile studio ya ghorofa ya tatu pale Mozang, Lahore, binadamu huyo alikuwa Rukhshanda. Nyayo alizipiga kwa mikono, akivisha viganja vyake ndala kuukuu juu ya sinia la mchanga. Mvua yake ilikuwa dengu zinazomwagwa kwenye ungo.

Kwa hiyo alipoisikia ile pumzi, alijua si yeye aliyeiweka.

Ilikuwa Ijumaa saa saba mchana, wanaume wote wameshuka kwenda msikitini na mtaa umetulia. Huo ndio wakati wake wa kazi. Anazima feni ili isiingie kwenye maikrofoni, anatundika mafarishi, yale magodoro membamba ya pamba, madirishani kuzuia kelele, anabaki peke yake anatiririka jasho. Joto la Juni hilo, wee acha tu! Siku hiyo alikuwa anasikiliza mistari ya mzee mtengeneza tiara, mhusika wa filamu yao. Sauti ya mzee huyo ilikuwa ya Ejaz, mumewe.

Katika kazi hii sauti hutangulia, picha hufuata. Ejaz aliwahi kurekodi mistari kumi na tisa, kisha Januari moyo ukamwangusha. Alikuwa mvivu wa simu, hata ujumbe mmoja wa sauti hakuacha. Mistari kumi na tisa ndiyo yote aliyobakiwa nayo Rukhshanda, na jioni akirudi nyumbani hakukuwa na wa kumuuliza hata kama mchana ulikuwa na joto.

Pumzi ilitangulia mstari wa saba. Nzito, ya mtu aliyetoka mbali. Akatazama skrini: mahali pale hapakuwa na alama yoyote ya sauti. Akarudia, akaisikia tena. Hapo ndipo alipokosea, maskini, kwa mazoea tu ya kazi, maana linalosikika lazima liandikwe kwenye karatasi ya mchoraji. Akaandika: pumzi, picha kumi na mbili, yaani nusu sekunde ya mdomo wazi.

"Dada, mzee wako anahema kama fahali!" Tabish, mchoraji, alimtania Jumatatu. "Nimempanua mdomo mpaka mkono umekufa ganzi."

"Chora, acha domo."

Ijumaa iliyofuata pumzi ilikuwa na neno.

"Rukho."

Hakuna aliyemwita hivyo duniani ila Ejaz. Chumba kikanuka mafuta ya haradali, yale aliyokuwa akijipaka kichwani kila asubuhi, na ingawa feni ilikuwa imezimwa na dirisha limezibwa, lile farishi lilivimba polepole, likanywea, likavimba tena, kwa mwendo uleule wa pumzi iliyokuwa masikioni mwake, mpaka akavua hedifoni akaitupa mezani na bado akaendelea kuisikia, karibu, nyuma ya shingo.

Hakukimbia. Alilia, na ndani ya kile kilio, Mungu amsamehe, mlikuwa na furaha.

Tabish alirudi kutoka msikitini, akaona farishi linavyohema, akashuka ngazi mbilimbili. Alirudi na shangazi yake, Bibi Maqsooda, mwenye kuwasomea dua watu wa mtaa ule. Bibi hakutaka kuisikiliza ile sauti. Aliweka kiganja juu ya spika, akakiondoa upesi.

"Huyu si mumeo, binti yangu," alinong'ona. "Mumeo amelala kwa Mola wake. Huyu amepanda juu ya sauti ya marehemu, na nyie mmemchorea pa kutokea. Futa sauti yote. Na asichorewe tena mdomo."

"Yote, Bibi? Mistari kumi na tisa tu ndiyo niliyo nayo."

"Yote."

Bibi akasoma Ayatul Kursi, akatemea maji, akanyunyiza pembe nne. Rukhshanda akafuta mmoja mmoja, Tabish amegeuzia uso ukutani. Alipofika wa kumi na tisa, mzee alikuwa anamwuliza mjukuu wake neno moja: "Umekula?"

"Nimemaliza," Rukhshanda alisema, akafunga mashine.

Wiki nzima alipika chapati mbili, akala moja. Upweke ulimkaba. Ijumaa, watu waliposhuka, alizima feni akaufungua ule mstari uliobaki.

"Umekula?"

"Bado," akajibu.

Akasogeza sikio kwenye spika. Kisha ile harufu ya haradali.

"Na mimi sijala, Rukho. Hakuna anayenipa. Nipe mdomo."

Alijua. Nawaambia alijua, kwa sababu Ejaz hakuwahi kuomba chakula kwa upole hivyo; Ejaz angepiga kelele kutoka mlangoni. Lakini sauti ilikuwa yake, na nyumbani kulikuwa na chapati moja kila siku iliyokauka kwenye sahani. Akakaa kwenye meza ya Tabish, akashika kalamu yake ya kuchorea kwenye skrini. Hakuwa mchoraji. Alichora mdomo picha moja, mbili, kumi na mbili, kila mmoja ukiwa wazi zaidi ya uliotangulia, na hakuwahi kuufunga.

Tabish alirudi saa nane. Mafarishi yalikuwa yametulia. Rukhshanda alikuwa ameketi mbele ya skrini, midomo yake inacheza haraka, kama mtu mwenye mengi ya kusimulia, wala chumba hakikuwa na sauti.

"Dada? Dada Rukhshanda, umefanya nini?"

Alimgeukia na macho yaliyojaa machozi. Akafungua kinywa kumjibu, koo likapanda likashuka, hakikutoka kitu. Jibu lilitoka kwenye spika, kwa sauti ya Rukhshanda mwenyewe, changamfu, na nyuma yake mwanamume anatafuna.

"Tunakula, Tabish. Karibu."