Nani Anaichokoza Spika?

Kila Jumamosi asubuhi, Macho alifuta vumbi kwenye spika za kukodisha za shangazi yake, huku binamu yake akijaribu maiki. Binamu huyo walimwita Pangaboi, kama feni ya darini, maana hakujua kutulia. Hata kusema "moja, mbili" alisema akizunguka chumba kizima.

Jumamosi moja spika ilipiga yowe, mteja mlangoni akaziba masikio.

"Ni yeye huyo," Macho alimnong'oneza shangazi. "Anachezea kitufe cha sauti. Namjua."

"Mama, sijagusa kitu!" Pangaboi aliruka.

Shangazi alimtazama mwanawe kwa jicho kali. "Mchana kuna mahafali shuleni na wewe ndiye mtangazaji. Ikilia tena, maiki nampa mwingine."

Pangaboi alinywea. Macho hakuridhika. Alichora alama ya chaki kwenye kitufe, akajibanza nyuma ya maboksi. Binamu yake alizunguka akisema, akapita mbele ya spika. Yowe!

"Nimekukamata!" Macho alichomoka. Lakini alama haikuwa imesogea hata kidogo. "Basi umekirudisha!"

"Kwa mkono upi? Huu una maiki, huu ulikuwa unakuna kichwa!"

Shangazi alikuja, akampa Macho maiki. "Hebu simama palepale alipokuwa. Sema."

"Moja," alisema Macho. Spika ikapiga yowe, nusura aiangushe maiki.

"Sasa pita nyuma ya spika."

Alisema tena. Sauti ikatoka safi. Aliporudi mbele, yowe likarudi.

"Umeona?" shangazi alisema. "Chombo hakijui nani kakishika. Ukikipa kitu kilekile, kinakupa jibu lilelile, iwe leo au kesho. Ukisimama mbele, sauti inayotoka inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inatoka, inaingia tena. Inazidi tu, mpaka inakuwa yowe."

"Kumbe mchokozi ni miguu yangu!" Pangaboi alicheka.

Macho aliinamisha kichwa. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilishakuhukumu."

Mchana Pangaboi alitangaza majina yote akiwa nyuma ya spika, miguu ikimwasha. Hakuna yowe lililosikika. Wazazi walipopiga makofi, shangazi alimwinamia Macho.

"Siku nyingine ukimshuku mtu, mwanangu, kwanza simama aliposimama yeye, ufanye alichokuwa akifanya. Ndipo ufungue mdomo."