Mdudu wa Mchangani Ana Ukoo

Shangazi Merle akisema leo, ni leo. Jumapili ile aliteremka hadi mto Baaka na chupa ya dawa ya wadudu. Mjukuu wake Kyra alikuwa kitandani na homa ya viungo inayoletwa na mbu, hata kijiko hakishiki. Nasi wa mtaani kwake, tukitafuta kamba wa mtoni, tulikuwa tumefukua vidudu vya kahawia mchangani.

"Ndio hao watoto wa mbu," alisema. "Nawamaliza."

"Shangazi, ukimwaga hiyo, na kamba watakufa," nikamwambia.

"Bora njaa kuliko homa."

Jirani yetu Shonelle, mlinzi wa mto, akamzuia. "Shangazi, mgeni akifika kwako unamuuliza nini kwanza?"

"Yeye ni wa akina nani."

"Basi muulize na huyu." Akaweka kidudu kiganjani. "Ni mtoto wa kerengende. Kundi lao kubwa, yaani oda, ni Odonata. Familia yake ni Gomphidae. Jenasi ni Austrogomphus, spishi ni australis. Akikomaa huwa kama yule pale kijitini, mweusi mwenye madoa ya njano. Tazama macho yake, yameachana. Kerengende wengi wengine macho yao hugusana."

"Majina yote hayo ya nini?"

"Usije ukaua ndugu ukidhani ni adui. Mbu ni wa oda nyingine, Diptera, pamoja na nzi. Huyu hula wadudu wadogo majini. Akiota mbawa, hula mbu. Na mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama, si kwenye mkondo huu. Nyuma ya nyumba yako kuna nini?"

Shangazi akaifunga chupa, akatuongoza nyumbani kwake. Kulikuwa na matairi na ndoo zenye maji, na tangi lisilo na wavu.

Siku ile ile tulimwaga maji yote na kufunga wavu. Kisha Shangazi akaanza nyumba za watu, bila hata hodi. Mzee Clarrie alimkuta akimwaga beseni lake la soksi zilizolowekwa.

"Merle, soksi zangu zimekukosea nini?"

"Zinalea mbu. Mwaga kila wiki. Ukishindwa, nitakuja mwenyewe."

Na alikuja kweli, watu wakimnunia. Mbu walipungua. Mtaani kwetu hakuugua mtoto mwingine kiangazi kile.

Kyra alichelewa kupona. Siku aliyoteremka mtoni kwa miguu yake mwenyewe, Shangazi aliketi mchangani akalia mbele yetu sote, wala hakuficha uso.