Samaki Waliogeuka Nyuma

Siku ya tisa, samaki waligeuka.

Hilaria aliliona jambo hilo saa tano asubuhi, amekaa ukingoni na kompyuta mapajani, akikagua video iliyotoka majini muda uleule. Kwa kawaida samaki wa kijitoni huelekeza vichwa kule maji yanakotokea, wakisubiri mkondo uwaletee chakula. Na hawa walikuwa hivyo, dakika nne nzima. Dakika ya tano wakageuka wote kwa pamoja, kama darasa lililosikia mwalimu anaingia, wakatulia wakitazama kitu kilichokuwa nyuma ya kamera. Kisha tope likatimka na picha ikawa kama chai ya maziwa.

"Tena!" Akaifunga kompyuta kwa kishindo. "Shemeji, tena!"

Audace, mume wa Emelyne, mdogo wake Hilaria, alikuwa anaanika kamba kwenye majani. Yeye ndiye aliyembebea vyombo na kuingia naye majini kila msimu. "Labda ni kaa anachimbua," alisema.

"Kaa gani anayejua saa? Jana dakika ya tano. Juzi dakika ya tano."

Kwa miaka minane Hilaria alikuwa akirekodi samaki wa vijito vya Katavi, si kwenye beseni wala kwenye tangi la vioo, bali kwao, chini ya maji yao. Mwaka huu alitafuta kitu kimoja tu: samaki mdogo wa rangi ya shaba anayelea watoto wake mdomoni. Alitaka kumpata mama akifungua mdomo, watoto wakimwagika kama mchele, halafu hatari ikitokea warudi ndani mbio. Alianzia kijito cha Kakese akakosa. Akaja kijito hiki kilichopita nyuma ya mashamba, mbali kidogo na Magamba, na hapa samaki walikuwepo tele, lakini kila siku na balaa lake. Betri ilikufa. Ng'ombe wakashuka kunywa. Kioo kikaingia ukungu. Na sasa dakika ya tano. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa magharibi. Mvua ya kwanza ikishuka, kijito kingegeuka uji mwekundu na kazi ingesubiri mwaka mwingine.

Mwenyeji wao, Mama Rozalia, alikuwa amemwambia tangu mwanzo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumzia ugonjwa wa jirani. "Mwanangu, sisi pale tunachota maji tunaondoka. Hatukai kuchungulia."

Hilaria alikuwa ameitikia kwa adabu, moyoni akachukia. Hata wewe, mama, unanikatisha tamaa.

Siku ya kumi kamera ilinasa chini ya mwamba. Audace aliingia kuitoa. Maji yalimfika kifuani, si zaidi. Aliinama, Hilaria akauona mgongo wake chini ya maji, shati la bluu likipepea, kisha hakuuona.

"Shemeji?"

Vyura walinyamaza. Aliita tena, akaruka na nguo zake, akapapasa kila upande wa kidimbwi ambacho mtu angekivuka kwa hatua saba. Mawe na mchanga tu. Alikuwa ameshaanza kulia Audace alipoibuka upande wa pili, kwenye kivuli, kamera mkononi. Hahemi. Hakohoi.

"Nipo," alisema.

Hofu ya Hilaria iligeuka hasira palepale. Alimsema njia nzima mpaka nyumbani: huo ni utani wa kijinga, ningemwambia nini Emelyne, watu wazima hawafanyi hivyo. Audace alitembea nyuma yake bila kujibu neno.

Nyumbani, Mama Rozalia alitenga ugali na maharage. Audace alikaa kwenye kigoda akakiangalia chakula. Chumba kilijaa harufu ya tope na ya samaki mbichi, ingawa hapakupikwa samaki siku hiyo. Nguo zake zilikuwa zimeshakauka kwa jua, lakini chini ya kigoda maji yaliendelea kudondoka, tone moja moja. Halafu inzi akatua shavuni mwake, akapanda polepole, akatembea juu ya jicho lake lililokuwa wazi, kutoka pembe hii hadi pembe ile.

Audace hakupepesa.

Mama Rozalia aliweka mwiko chini. Simu ya Audace ikaita mezani, alikuwa Emelyne. Audace akaiweka sikioni, akanyamaza. Hilaria aliisikia sauti ya mdogo wake ikitoka kwa mbali: "Audace? Mbona nasikia maji tu?"

Hilaria alitoka nje na kompyuta, akafungua video ya asubuhi. Aliuona mkono wa Audace ukija kuishika kamera. Aliona tope. Tope lilipotua, kamera ilikuwa inaondoka, imebebwa na mtu, na kule ilikotoka, chini ya mwamba, Audace alikuwa amelala chali kwenye mchanga na shati lake la bluu, macho yakifumba na kufumbua, mdomo umeachama, na samaki wadogo wa rangi ya shaba, kwa makumi, wakiingia mdomoni mwake na kutoka, wakiingia na kutoka, kama wako kwa mama yao.

Mama Rozalia alimwita Mama Theopista, dada wa marehemu mama yake, mganga ambaye Jumapili hakosi misa. Alitoka moja kwa moja shambani, jembe begani. Hakuingia ndani. Alichungulia mlangoni, akamtazama yule aliyeketi, akarudi nyuma.

"Pale majini pana mwenyewe," alimnong'oneza Hilaria. "Siku kumi umemwekea jicho nyumbani kwake. Na yeye amekuja kuwaangalia nyie. Jini wa maji hulipiza kwa kilekile alichotendewa."

"Audace yuko hai?"

"Mpaka jua lizame. Wewe uliyechungulia ndiye utakayeingia. Ufumbe macho. Ukishikwa, usitazame; mkitazamana, atabaki na sura yako. Mtoe mtu wako uondoke."

"Nitamjuaje bila kutazama?" Sauti ya Hilaria ilipanda. "Kazi yangu yote ni kutazama!"

"Ndiyo maana," alisema Mama Theopista.

Walimwacha Mama Rozalia kizingitini na rozari yake, mgongo kwa yule wa ndani, wakashuka kijitoni jua likiwa limekaribia kuzama. Hilaria alifumba macho, akaingia, akajisukuma chini ya mwamba, na mara akashikwa, mkono wa kwanza kifundoni, wa pili kiwikoni, kisha mingine mingi, mikono baridi ya watu wazima, kila mmoja ukiwa na pete ya ndoa kama ya Audace, kila mmoja ukimvuta kwake, na alipoukamata mmoja, mwingine uliuondoa akaukosa, akaukamata wa pili ukateleza, na pumzi ikaanza kumwisha na hasira ya siku kumi zote ikampanda, ya betri na ng'ombe na tope, akawa anaitukana kimoyomoyo ile mikono, mpaka akagundua kwamba kati ya yote uko mmoja tu usiomvuta, umelala mchangani, umelegea. Akaushika huo.

Akavuta. Ulikuwa mzito, ukaanza kuja. Na hapo, ameshampata, amebakiza kusimama tu, akahisi mwanga kwenye kope zake, na jicho lililozoea kutazama kwa miaka minane halikuweza kujizuia.

Alifumbua.

Maji yalikuwa angavu kama hewa. Mbele ya pua yake samaki wa rangi ya shaba alifungua mdomo, watoto wakamwagika, wengi, wanang'aa, wakazunguka uso wa mama yao. Ndicho alichokitafuta mwaka mzima, na hakuwa na kamera. Alitazama kwa muda wa pumzi moja. Kisha mama na watoto waligeuka, wakamtazama yeye, na kitu nyuma ya samaki kikamtazama pia.

Alifumba, akasimama, akamburuta Audace mpaka ukingoni. Audace alitapika maji, na katika maji yale samaki wadogo walirukaruka kwenye majani. Mama Theopista aliwazoa kwa viganja akawarudisha kijitoni mmoja mmoja.

"Hukufumbua macho?" aliuliza.

"Sikufumbua," alisema Hilaria.

Nyumbani walimkuta Mama Rozalia bado kizingitini, gauni limelowa mgongoni. Yule aliyekuwa ndani, alisema, alisimama tu, akampita. Kwenye kigoda kulikuwa na tope.

Mvua ilinyesha alfajiri. Audace, aliyedhani alikuwa chini muda wa kunywa kikombe cha chai, alimuuliza kama wamempata yule samaki. Hilaria akamjibu hapana, akageukia ukutani akalia kwa uchungu, si wa hofu tena, bali wa msimu mzima uliopotea.

Mwezi Juni, kiangazi kimerudi, alikuwa Mpanda anaanika nguo Mama Rozalia alipopiga simu.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Kwa nini, mama?"

"Siku ya tatu leo umekaa pale kijitoni, hupiti hata kusalimia. Asubuhi nimekufuata mpaka ukingoni, nimekuita kwa jina. Umegeuka, umeniangalia tu."

Nguo ilimponyoka Hilaria. "Mama, mimi niko Mpanda. Nisikilize. Huyo si mimi—"

"Haya, basi, hasira zimekwisha," alisema Mama Rozalia, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Nakuona dirishani unakuja. Umelowa hivyo! Ngoja nikufungulie."

Hilaria alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje, lakini simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Akasikia komeo likivutwa.