Gobori la Odwori na Shimo la Dhahabu

Tangu asubuhi Achola alikuwa ameinama mtoni, akizungusha karai. Mchanga mwepesi ulitoka na maji. Mchanga mzito ulibaki chini, mweusi, na mara mojamoja punje ya dhahabu iling'aa ndani yake. Kazi hiyo haitaki haraka, na Achola hakuwa mtu wa haraka.

Juu kidogo ya mto, mumewe Odwori na shemeji yake Oguttu, ndugu wa Odwori, walikuwa wakichimba. Oguttu alikuwa ndani ya shimo. Odwori alikuwa juu, akivuta ndoo za udongo. Kwao ni Dabani, katika nchi ya Wasamia, lakini enzi hizo za Waingereza watu wengi waliacha jembe wakaingia porini kutafuta dhahabu.

Huko porini hakukuwa na jirani wa karibu. Kulikuwa na nyasi ndefu, mawe, na chui. Msimu uliopita chui alimrarua mchimbaji mmoja, akafia njiani akibebwa kurudi kwao. Ndiyo maana Odwori alinunua gobori, bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Alikwenda bomani Tororo, akapata kibali chake.

Gobori hilo lilikaa tayari wakati wote. Baruti ndani, risasi ndani, na fataki mahali pake. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba. Nyundo ya bunduki ikikigonga, moto unaingia kwenye baruti.

"Baba Akumu," Achola alisema, "hiyo fataki huwezi kuitoa? Mimi naiogopa."

"Chui atangoja nitafute fataki mfukoni?" Odwori alijibu. "Atasema, Odwori, jitayarishe kwanza, mimi nitapumzika hapa?"

Oguttu alicheka mle shimoni. "Shemeji, mwache. Bwana wako anaogopa chui kuliko anavyokuogopa wewe."

"Basi bado hajanijua," Achola alisema, akarudi kwenye karai lake.

Jua lilipopanda, maji yalianza kujaa shimoni. Oguttu akaita atolewe. Odwori hakutumia kamba ya ndoo. Alichukua gobori, akashika kitako, akateremsha mtutu shimoni. Wachimbaji wa mto ule walizoea kuvutana hivyo. Bunduki ni ndefu, ni ngumu, haikatiki kama kamba.

Achola aliinua macho. Aliona mkono wa Oguttu umeshika mdomo wa mtutu. Aliona mzizi ukingoni mwa shimo umekamata nyundo ya bunduki.

"Acha!" alipiga kelele. "Odwori, acha!"

Odwori alikuwa amekwisha vuta. Mzizi uliirudisha nyundo nyuma, kisha ukaiachia.

Mlio ulijaa bonde zima. Moshi ulipopungua, Oguttu alikuwa amekaa ndani ya maji, akiutazama mkono wake kama si wake. Hakulia. Alisema tu, "Ndugu yangu, umeniua?"

Achola aliteremka shimoni mwenyewe. Alichana kitambaa chake cha kichwa, akaufunga mkono kwa nguvu, akauinua juu ili damu ipungue. Walimtoa, wakambeba hadi hospitali. Alipona, lakini alirudi nyumbani na vidole vitatu katika mkono wa kulia.

Odwori hakula vizuri kwa muda mrefu. Siku moja alilichukua gobori akaelekea kwenye kinamasi.

"Unakwenda wapi nalo?" Oguttu alimwuliza.

"Kulitupa."

"Na chui umemtupa wapi? Mimi nitarudi kule. Shamba letu halitoshi, unajua. Ukilitupa, nitakwenda mikono mitupu. Na mmoja wenyewe haujatimia."

Odwori alikaa chini akafunika uso. Achola aliwatazama wote wawili. Aliona kwamba Odwori alikosa kwa kutoiogopa bunduki, na sasa wangekosa tena kwa kuiogopa. Kesho yake alijifunga kanga akaenda Rubongi kwa Okiror, mtu wa kabila la Wateso aliyekuwa askari wa wanyama pori. Alimweleza yote, bila kumficha mumewe kosa.

Okiror alikuja. Hakumgombeza mtu. Aliuliza tu, "Hii bunduki iko na kitu ndani?"

"Hakuna," Odwori alijibu.

"Nasikia. Lakini mimi nashika kila bunduki kama iko na risasi." Aligeuza mtutu upande usio na mtu. Akatia kijiti cha kushindilia hadi kikagonga mwisho. "Ona, kijiti kimefika chini kabisa. Sasa najua. Kikisimama juu, iko na kitu."

Achola alisogea. "Na fataki, baba?"

"Fataki inakaa mfukoni, mama. Unaiweka ukiona hatari kwa macho yako. Hatari ikiisha, unaitoa. Mdomo wa bunduki usimtazame mtu, hata ukijua haina kitu. Na bunduki si fimbo, si kamba, si mkono wa kuvuta mtu. Mtu wa shimo anataka ngazi."

"Chui je?" Odwori aliuliza. "Fataki ikiwa mfukoni, chui akija?"

"Chui mwenyewe anawaogopa. Fyekeni nyasi karibu na shimo, asikose kuonekana. Washeni moto. Mmoja achimbe, mmoja atazame. Akija, pigeni kelele kwanza. Bunduki ni ya mwisho, Odwori. Wewe uliifanya ya kwanza."

Walirudi porini mvua zilipokwisha. Odwori alifyeka nyasi, akakata miti miwili akafunga ngazi. Oguttu alijifunza kushika sururu upya.

Siku moja Achola alisikia nyani wakigombana ng'ambo ya mto. Akatazama. Chui alikuwa amesimama juu ya jiwe, kimya, macho yake kwao.

"Baba Akumu. Ng'ambo, juu ya jiwe."

Odwori alitoa fataki mfukoni, akaiweka. Chui alikuwa bado hajasogea. Achola alipiga karai kwa jiwe. Oguttu alipiga kelele shimoni, matusi ya Kisamia ambayo hayaandikiki. Chui aliwatazama kidogo, akageuka, akaingia msituni.

Walingoja hadi nyani wakanyamaza.

"Amekwenda?" Oguttu aliuliza. "Nitoeni basi, maji yananifika magotini."

Odwori alipiga hatua kuelekea shimoni, bunduki mkononi. Akasimama. Odwori aliitoa fataki, akairudisha mfukoni. Akaliegemeza gobori kwenye mti, mbali, mdomo juu. Kisha akaja ukingoni, akapiga magoti kando ya ngazi, akanyoosha mkono mtupu.

Oguttu alipanda. Alipofika juu, alikishika kiganja cha ndugu yake kwa vidole vyake vitatu.